Kupekecha Si Kukata: Tundu la Kioo na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili huendeshwa kana kwamba istilahi ni mali ya ofisi. Wataalamu huketi, neno la Kiingereza huwekwa mezani, visawe vitatu au vinne hupendekezwa, na kile kinachoungwa mkono na wengi huingizwa kamusini. Ni nadra kuulizwa iwapo mtu aliye karakanani, mwenye chupa mkono mmoja na keekee mkono wa pili, akilifuata neno hilo ataishia na taa au ataishia na vigae. Swali hilo si la mzaha. Zipo kazi ambazo kitenzi kibaya humkata mtu vidole.

Mfano ulio karibu ni kutoboa tundu katika kioo kilichobinuka ili kutengeneza taa ya kuning'iniza nyumbani. Chupa kubwa ya mvinyo, mtungi wa kioo uliokuwa wa achari, au tufe la taa ya zamani iliyokwisha kuharibika hugeuzwa juu chini, balbu hutiwa ndani, na sebule hupata taa ambayo haipatikani dukani. Mdomo wa chombo ukielekea chini ili mwanga utoke, waya hauna budi kupitia kwenye kitako au begani. Hapo ndipo tundu linapohitajika, na hapo ndipo vyombo vingi huishia.

Mwanagenzi anayetafuta maelekezo kwa Kiswahili hukutana, akibahatika kukutana na chochote, na tafsiri sisisi ya Kiingereza: kata tundu la milimita 25 katika kioo. Kitenzi kata kina picha yake katika Kiswahili. Kuna makali, kuna kitu kinachokubali kugawanyika, na kuna nguvu: kisu kisipopita, mkataji hukandamiza. Nyama hukatwa hivyo, muwa hukatwa hivyo, na ubao vivyo hivyo kwa msumeno. Anayeshika keekee akiwa na picha hiyo akilini atafanya kile ambacho lugha imemwelekeza kufanya. Biti isipozama atakandamiza. Isipozama tena ataongeza mwendo. Kioo kitapasuka, naye atadhani mkono wake ni mzito au chupa ilikuwa mbovu. Hatakishuku kitenzi.

Ukweli ni kwamba kioo hakikatwi. Hakina nyuzi kama mbao wala hakikunjiki kama bati. Bati likibanwa hubonyea kabla ya kuchanika; kioo hakina subira hiyo. Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza sababu yake. Alichukua matufe na mirija ya kioo, akaitia nyufa kwa makusudi, kisha akaijaza shinikizo kwa ndani hadi ikapasuka. Alionyesha kwamba nguvu ya kioo haiamuliwi na kioo chenyewe tu bali na nyufa ndogo zilizomo mwilini mwake. Ufa usioonekana kwa macho hukusanya mkazo kwenye ncha yake, na ukishapita urefu fulani hukimbia wenyewe bila kuombwa. Hata fundi wa madirisha aitwaye mkata vioo hakati. Gurudumu lake dogo huacha mkwaruzo mmoja, yaani ufa uliopangwa, kisha yeye huvunja kuufuata mkwaruzo huo. Katika kioo bapa na mstari ulionyooka mbinu hiyo hutosha. Kwa tundu dogo katikati ya chombo kilichobinuka haifai kitu, kwa kuwa hakuna mahali pa kushika na kuvunjia. Wapo wanaozungushia chupa uzi uliolowa mafuta ya taa, wakauwasha, kisha wakaitumbukiza chupa majini. Njia hiyo huweza kuitenga shingo na kiwiliwili, japo ufa mara nyingi hujiamulia pa kupita. Tundu haiwezi kulitoboa.

Kinachobaki ni kusaga. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, kioo cha kawaida hukaribia 5.5, hapo hapo panapokaa chuma cha kisu. Ndiyo maana biti ya kutobolea mbao huteleza juu ya kioo, ikapata moto, ikapoteza makali, na isizame. Kabidi ya tangsteni hufika karibu 9, na almasi ni 10. Biti inayofaa kwa tundu pana ni mrija mfupi ambao mdomo wake umepakwa chembechembe za almasi. Kila chembe hung'oa unga kidogo tu, na maji huuchukua unga huo pamoja na joto lake. Maji yakikatika, sehemu inayosagwa hupata moto na kutanuka ilhali jirani yake imepoa. Kioo cha chupa hutanuka takriban sehemu 9 katika milioni kwa kila digrii moja ya selsiasi. Kile cha vyombo vya maabara, kilichotiwa boroni, hutanuka takriban 3.3 tu. Hiyo ndiyo sababu bilauri ya maabara huvumilia moto unaoipasua chupa.

Sasa, Kiswahili kina kitenzi cha kazi hii, nacho ni kikongwe kuliko keekee zote za umeme: kupekecha. Anayepekecha moto huzungusha kijiti kati ya viganja vyake, akirudia na kurudia, na kinachotoka kwanza ni unga kabla ya kutoka moshi. Anayepekecha mboga chunguni naye huzungusha bila kupiga. Hata maana ya kisitiari, ya mtu anayewapekecha wenzake kwa maneno ya chini chini, imelihifadhi wazo lile lile, maana fitina hupenya kwa kuzunguka. Kitenzi hiki kimebeba mzunguko, subira na unga, mambo matatu ambayo kukata hakuna hata moja. Mwanagenzi aliyeambiwa apekeche kioo tayari ameambiwa asikandamize. Kutoboa nako ni kitenzi halali, ila hutaja matokeo tu. Hakisemi lolote kuhusu njia, na aliyetoboa kwa msumari na nyundo ametoboa pia.

Kubinuka kwa kioo ni somo jingine, na hapa istilahi za jometri ambazo wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani hupata kazi ya kufanya. Mdomo wa biti ya mrija ni duara. Ukiwekwa juu ya kioo bapa, hugusa pote. Ukiwekwa juu ya tufe na kuelekezwa sawasawa kitovuni, hugusa pote pia. Ukiinama kidogo tu, hugusa upande mmoja na kuteleza. Lakini kiwiliwili cha chupa kwa kawaida si tufe bali ni mcheduara, na juu ya mcheduara mdomo wa biti hugusa sehemu mbili tu, zilizo kwenye mgongo wa chupa, huku pande mbili nyingine zikielea hewani. Sehemu hizo mbili huanza kusagwa mapema na hutoboka mapema. Mwanagenzi anapoona maji yakipenya ndani na kudhani kazi imekwisha, kipande cha kati bado kimeshikwa ubavuni. Akisukuma, kipande hicho hung'oka pamoja na gamba la kioo kutoka upande wa ndani, na pengo la gamba hilo huwa mwanzo wa ufa ambao utajitokeza siku taa imekwisha kuning'inizwa juu ya meza ya chakula.

Kwa hiyo wajuzi wa kazi hii hujihami mapema. Hubandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mahali pa kutoboa. Hufunga ubao mwembamba wenye tundu la kipimo cha biti, ili biti isitangetange inapoanza. Huzungushia ukuta mdogo wa udongo wa mfinyanzi na kufanya kidimbwi cha maji. Chombo chenyewe hulazwa juu ya mchanga mbichi au taulo iliyoloweshwa, uzito usije ukaangukia nukta moja. Asiye na ubao wa kuongozea huinamisha keekee kwanza, akasaga umbo la mwezi mwandamo, kisha akainyanyua polepole mpaka isimame wima. Mizunguko mia chache kwa dakika hutosha kwa biti ya milimita 25. Dakika ya mwisho ndiyo inayotaka mkono mwepesi kuliko zote zilizotangulia. Methali husema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi hii methali hiyo inapotosha, kwani asiyechagua biti hana tundu. Keekee ya waya, yenye umeme wa volti 240, na kidimbwi cha maji ni majirani wasiopatana, hivyo inayofaa ni ya betri. Miwani ya kukinga macho haihitaji kujadiliwa.

Neno jingine lenye hatari ni jina la kile kioo cha madirisha ya pembeni ya magari, cha milango ya maduka na cha baadhi ya vyombo vya jikoni. Kioo hiki hupashwa moto hadi kukaribia kulainika, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Uso hupoa na kuganda kwanza. Kiini kinapopoa baadaye na kutaka kunywea, huuvuta uso uliokwisha kuganda. Mwishowe uso umebanwa na kiini kimevutwa, na mizani hiyo ndiyo inayokipa nguvu zake. Biti ikiupita uso ule na kukifikia kiini, kioo chote husambaratika mara moja kikawa punje. Hakuna maji wala upole unaoweza kukiokoa. Matundu yake yote hutobolewa kiwandani kabla ya kupashwa moto.

Wauzaji hukiita kioo kigumu, na baadhi ya watafsiri hukiita kioo cha usalama. Majina yote mawili yanamficha mwanagenzi jambo pekee alilohitaji kulijua. Kigumu humwambia aongeze nguvu. Usalama humwambia asiogope. Afadhali kiitwe kioo chenye mkazo. Wanafunzi wa isimu wanalijua neno mkazo kutokana na silabi ya pili kutoka mwisho, na wenzao wa fizikia wanalitumia kwa nguvu inayogawanywa juu ya eneo. Si aibu neno moja kufanya kazi mbili, maadamu wazo la kitu kubanwa kuliko jirani zake linasalimika. Tena mkazo huo huonekana. Chombo kikiwekwa mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta ya kisasa na kutazamwa kwa miwani ya jua yenye kuchuja mwanga, ile iitwayo polaroidi, kioo chenye mkazo hutoa milia na madoa ya rangi. Jaribio la namna hiyo huchukua sekunde chache na huokoa chombo, na pengine jicho. Ni mwongozo gani wa Kiswahili umewahi kulitaja?

Huenda wakatokea watakaosema kwamba vioo na keekee ni mambo ya kuja, na kwamba Kiswahili, lugha ya ushairi na majahazi, hakiwajibiki kwayo. Historia haiwaungi mkono. Periplo ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, inaitaja misharasi na vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Chombo cha kutobolea na kioo vilifika katika shehena moja. Karne nyingi baadaye shanga za akiki kutoka Khambhat, katika Gujarat, zilikuwa zikivaliwa katika miji ya pwani hii. Akiki ni ngumu kuliko kioo, na mafundi wa Khambhat waliipekecha kwa keekee ya upinde yenye vipande vidogo vya almasi kwenye ncha, huku maji yakidondoka juu ya jiwe. Almasi, mzunguko na maji: hakuna kitu katika karakana ya leo ambacho hakikuwamo katika kazi ile ila betri. Waliotunga shanga hizo kwenye nyuzi waliongea lugha fulani kuhusu matundu yake, na ni lugha hiyo iliyowaachia wasemaji wa leo tundu, tobo, upenyo, ufa, mwanya na pengo, kila moja na mahali pake.

Taa nayo haikukosa majina. Kuna kandili, fanusi, kibatari, koroboi, karabai, na chemni kwa kile kioo kinachoukinga mwali. Mwanafunzi anayedai kuwa lugha hii haina msamiati wa taa anapaswa kwanza kuulizwa ni lini alizungumza na bibi yake.

Hoja iliyo na uzito zaidi ni ya wale wanaosema kwamba mafundi wenyewe husema drili, basi drili liwe neno, na keekee liachwe makumbushoni. Hoja hii haifai kubezwa, kwa sababu anayeitetea anamsikiliza fundi, jambo ambalo ofisi za istilahi hazikulizoea. Biti ni neno la fundi na halina mpinzani, lichukuliwe lilivyo. Holda ya balbu vivyo hivyo. Lakini drili ina kasoro moja: huja peke yake, bila jamaa. Keekee ina kupekecha, na kupekecha kuna upekecho na mpekechaji. Anayepewa drili amepewa jina la mashine. Anayepewa keekee na kupekecha amepewa mashine pamoja na namna ya kuishika. Mafundi wa mbao wa kizazi kilichopita waliitumia keekee bila kufundishwa na kamusi yoyote, na wakiulizwa leo wengi wao hawatalazimika kukumbushwa maana yake. Haki ni kuyaacha maneno yote mawili yaishi, drili mitaani na keekee katika maandishi, mpaka wasemaji waamue. Kisichokubalika ni mwandishi wa chuo kikuu kuandika kata tundu kwa uvivu, ilhali kamusi iko mezani pake.

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Kikundi cha wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani kilichoitembelea nchi hii kiliandika mwaka 1972 kuhusu sekta isiyo rasmi kama chanzo halisi cha ajira, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa bunge mahususi kuhusu jua kali. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza masomo ya ufundi shuleni, nayo yakaja kupunguzwa. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pamoja na hayo yote, karatasi inayofungiwa biti ya almasi dukani aghalabu huwa ya Kiingereza au Kichina, na mtu anayeinunua mara nyingi huongea Kiswahili kutwa nzima. Yeye ndiye raia ambaye katiba ilimwahidi lugha, na wanaolipwa au wanaosomeshwa kuishughulikia lugha hiyo wameandika kuhusu fasihi simulizi, uchanganuzi wa riwaya na mofolojia ya kitenzi. Kazi hizo ni njema. Ila uchanganuzi wa mofolojia ya kupekecha ungekuwa mwema zaidi kama mchanganuzi angemwona mtu akipekecha.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ambayo mabaraza hayana. Vina vijana, vina likizo ndefu, na vina majarida ya kuchapishia. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kupewa, badala ya hotuba nyingine ya kisiasa, kazi ya kuandika kurasa 2 za maelekezo ya kutoboa chupa, na alama zitolewe si na mhadhiri peke yake bali na mwanagenzi atakayeyafuata maelekezo hayo mbele yake. Chupa ikivunjika, ijulikane ni sentensi ipi iliyoivunja. Kurasa hizo zisiishie kwenye tundu. Zieleze kwamba ukingo wake hulainishwa kwa msasa wa majini, kwamba tundu huachwa likiwa pana kidogo kuliko bomba la holda, na kwamba vikuku vya mpira huwekwa pande zote mbili ili chuma kisikiguse kioo, kwa kuwa viwili hivyo havitanuki kwa kiasi kimoja. Zieleze kwamba balbu ya zamani ya wati 60 hugeuza sehemu kubwa mno ya umeme wake kuwa joto, ilhali ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga unaolingana nayo bila kukichosha kioo. Na kwamba holda ya chuma haina budi kuunganishwa na waya wa ardhi.

Baadhi ya wahadhiri watauliza ikiwa hiyo ni taaluma. Jibu limo katika kazi yenyewe: hakuna tasnifu ya istilahi inayopimwa kwa ukali wa chupa, ambayo ama hubaki nzima ama hupasuka. Karakana za kuwafundisha wanafunzi hao hazihitaji kutafutwa mbali. Kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, huko Kitengela, kioo kilichotumika kimekuwa kikiyeyushwa na kupulizwa upya kwa miongo kadhaa, na mafundi wa madirisha wako katika kila mji wenye madirisha. Mwanafunzi aende na daftari, asiende na orodha ya maneno aliyokwisha kuyaunda. Aulize kwanza jina la kile kisahani kidogo cha kioo kinachobaki ndani ya mdomo wa biti tundu likishatoboka, ambacho mafundi hukigongagonga kwa kijiti mpaka kidondoke, na ambacho kila karakana huenda ina jina lake.